Lirudi Kama Lilivyokuja

Tarehe 11 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Naitanguliza kwa sababu nakujua, utaanza kubishana kabla ya kuniamkia.

Mtoto anang'oka meno. La mbele lilitoka juzi akiwa anakula, akalimeza, akalia mchana kutwa akidhani litamwotea tumboni. Mama anasema magoti yamepungua kuuma na kwamba humtembelei. Hilo la pili nimelifikisha kama nilivyopewa. Hapa kazini tuko wanne kwa vyerehani vitano, maana kimoja ni kibovu na tajiri wetu hataki kukitupa. Ndiyo sababu tunamwita Mama Vifungo: hatupi hata kifungo kilichovunjika.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu inasomwa. Ukijibu, tumia anwani ya Mama Vifungo, si ya nyumbani.

Nataka kumwacha shemeji yako. Sikuulizi kama nimwache au nisimwache, hilo nimelimaliza mwenyewe. Nakuuliza namna. Ameniambia nikitoka nitatoka peke yangu, mtoto atabaki, na yule si mtu wa kutishia halafu akasahau. Mama Vifungo anasema nikiondoka bila amri ya mahakama, mwanangu nitakuwa namwona kwa kuomba ruhusa. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie mtu huanzia wapi.

Dada yako


Tarehe 26 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Umeona kwamba nimeamkia kwanza, ingawa umenipokonya raha ya kuamkia bila kusukumwa.

Mama nilimwona Jumapili. Alinipokea kama anavyompokea mpima umeme: kwa heshima, na kwa kutazama saa. Huku kwenye nyumba ya uchapishaji nimepewa meza ya karibu na dirisha, pamoja na mswada wa kurasa mia sita kuhusu ufugaji wa nyuki, ambao mwandishi wake anaamini kwamba koma ni pambo na kwamba kila wazo likisemwa mara tatu ndipo huwa kweli. Nimekwisha kumaliza kalamu nyekundu mbili.

Sasa tuje kwenye lako. Umenikataza kutoa maoni juu ya uamuzi wenyewe, nami nitajizuia, ingawa ningekuunga mkono kwa hoja saba. Nimesoma waliotukuza ndoa na waliotaka ifutwe duniani, na katika wote hao sikupata jambo la kukusaidia isipokuwa hili moja, ambalo nimelifikia mwenyewe: mahakama haioni, husoma. Yaliyokupata hayapo mpaka yawe kwenye karatasi. Kwa hiyo andika. Andika siku, saa, kilichofanyika, na kama yupo aliyeona. Usiandike hisia, kwa kuwa hisia hupingwa kwa hisia. Andika mahali asipotazama.

Zikitimia kurasa za kutosha, nitumie. Nitakuandikia hati ya madai ambayo hakimu hataiweka chini.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Ni wa Mama Vifungo. Ananiandikia huku akilalamika kwamba nasema haraka.

Mtoto hajambo. Jino jipya limechungulia. Salamu za Mama zimenifikia, na nimefurahi kwamba ulimpelekea dawa ya magoti.

Mimi nimeumia kidogo vidole vya mkono wa kulia. Ni cherehani. Nimefungwa bandeji, nitapumzika kushona kwa wiki chache, kisha nitaendelea. Usimwambie Mama. Ulichoniagiza ninakifanya tangu ilipofika barua yako. Sitasema zaidi leo kwa sababu sipendi kusemea mdomoni mwa mtu mwingine.

Dada yako

Mimi mwandishi naongeza langu, yeye ameingia ndani kunywa maji. Nimekaa na vyerehani miaka thelathini. Sindano ya cherehani hutoboa kidole kimoja, tena kwenye ncha. Haivunji viwili kwa mpigo. Wewe ni mtu mzima, sihitaji kukuchorea picha.


Tarehe 15 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo. Amepata mto mpya wa kuegemea, anausifu kuliko anavyowasifu wanawe. Nimemwambia u mzima, na kwa hilo umenifanya mwongo.

Sitakuuliza cherehani kilifanyaje. Naheshimu kwamba kuna mambo mtu hawezi kuyatamka kwa kalamu ya jirani. Lakini nimekaa siku nne na barua yako mfukoni na sijasahihisha ukurasa hata mmoja wa nyuki. Nilikuwepo siku ile shemeji alipokuja nyumbani kwetu kuposa. Ni mimi niliyemwambia Baba, wakati huo yu hai, kwamba mtu huyu anasoma magazeti na anasikiliza hoja mpaka mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilidhani kusikiliza ni tabia njema, kumbe kuna wanaosikiliza ili wajue pa kushika.

Nitumie ulichoandika. Chote, kama kilivyo.

Mdogo wako


Tarehe 8 Aprili

Profesa,

Mkono wangu umerudi, kama unavyoona herufi zinavyolewa. Kidole cha kati kinakunjika nusu. Cha pembeni yake hakikunjiki. Mama Vifungo amenihamishia kwenye kupima wateja na kukata kwa mkono wa kushoto, na nguo ya kwanza niliyokata hivyo ilitoka na bega moja juu. Mteja alikuwa mpole. Alisema atasimama kwa kuinama.

Mtoto amejifunza kunitungia uzi kwenye sindano. Hulilowesha jicho la sindano badala ya uzi, lakini hupita.

Nimekufungia kifurushi. Ndani kuna daftari langu la vipimo. Nilifikiri sana mahali ambapo shemeji yako hatatazama, nikaona hapo. Yeye hulifungua, anaona kifua, kiuno, urefu wa mkono, analifunga. Katikati ya wateja utamkuta mmoja nimemwita Mteja wa Nyumbani. Huyo ni mimi. Ana kurasa kumi na tisa. Palipo na kipimo, soma saa. Palipo na aina ya nguo, soma kilichotumika.

Vidole utavikuta tarehe 17 Februari. Zahanati hawakuandika ukweli. Alinipeleka mwenyewe, akanishikia mkoba, na muuguzi alipouliza nimepatwa na nini, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nikasema cherehani. Kadi inasema cherehani. Basi ushahidi nilionao ni hilo daftari tu, na Mama Vifungo ambaye hakuona kitu kwa macho.

Nalihitaji. Lina vipimo vya wateja, na siku ya shauri nitataka kulishika. Lisome, halafu lirudi kama lilivyokuja.

Dada yako


Tarehe 30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anaendelea vyema na amegombana na mama mdogo kuhusu mahali pa kuweka redio, jambo linaloonyesha kwamba afya imemrudia.

Nimelisoma daftari lako kwa siku mbili. Siku ya kwanza sikuweza kupita ukurasa wa sita. Siku ya pili nilijilazimisha kulisoma kama ninavyosoma kazi, na hapo ndipo nilipoweza kulimaliza.

Hati yako ya madai imo ndani ya bahasha hii, kurasa tano zilizopigwa chapa. Naomba uniruhusu nikueleze nilivyoijenga, maana si kazi ya kubahatisha. Matukio kumi na tisa ni mengi mno. Msomaji anayerudiwa na jambo lilelile huacha kuhisi, na hakimu ni msomaji tu aliyevaa joho. Kwa hiyo nimechagua saba, nimeyapanga yapande kama ngazi, na yale madogo nimeyaunganisha na makubwa ili yapate uzito. Tazama hili: "Jioni ya tarehe tisa Februari, akiwa amekwisha kunifungia nje mvuani kwa saa tatu, mdaiwa alinifungulia mlango, si kwa huruma, bali ili apate kunibamizia vidole vyangu kwenye mlango wa kabati." Sentensi hiyo nimeiandika mara kumi na moja. Sidhani kama yupo mtu atakayeisoma akaendelea na chai yake.

Tia saini mbele ya karani wa mahakama. Neno lolote usilolielewa, niulize, lakini usilibadilishe. Ukivuta uzi mmoja yote yatafumuka, wewe fundi unalijua hilo.

Daftari nitalileta mwenyewe. Posta siiamini.

Mdogo wako


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Mama amenipigia simu, akaniuliza mbona sauti yangu imekuwa ya chini. Nikamwambia ni mafua. Mtoto yuko mzima, amekuwa wa pili darasani, na aliyemshinda amemwita mchawi.

Nimetia saini. Karani alisoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza wakili wangu ni nani. Nikamwambia sina wakili, nina mdogo. Akasema mdogo wako anaandika kama gazeti la Jumapili. Nimekufikishia sifa.

Niliisoma yote mara mbili. Niliona haya kidogo, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima, ila inakaa vizuri na watu wanaisifu. Mahali pa vidole sikupaelewa sawasawa, nikaona pana tarehe nisiyoitambua. Nikasema, Profesa anajua anachofanya, pengine sheria inataka hivyo.

Shauri litasikilizwa tarehe 24 Juni, saa tatu asubuhi. Shemeji yako ameshapokea karatasi zake. Alizisoma akiwa amesimama jikoni, akazikunja, akaniuliza chumvi iko wapi. Tangu siku hiyo ananishukuru kwa kila sahani ninayomwekea. Afadhali angenitukana.

Njoo siku hiyo, na uje na daftari langu.

Dada yako


Tarehe 12 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anakuombea. Nimemwambia kwamba kuna jambo, bila kumwambia ni jambo gani.

Kwa masikitiko sitaweza kuwapo tarehe 24. Kitabu cha nyuki kinaingia mtamboni wiki hiyohiyo na mhariri mkuu amekataa katakata kuniachia, hata kwa siku moja. Nimejenga hoja zote nilizoweza. Lakini nakuhakikishia kwamba hati inajitosheleza. Isome kwa sauti nyumbani kwa Mama Vifungo mpaka izoee kinywa chako. Simama wima, usiape kwa jina la mtoto, na ukiulizwa swali, jibu kwa maneno ya hati.

Daftari lipo salama.

Mdogo wako


Tarehe 27 Juni

Mdogo wangu,

Mtoto hajambo. Mama hajambo. Nimeanza na hao ili nisianze na wewe.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko nilivyofikiri, kina feni moja inayolia kila ikizunguka. Hakimu ni mama wa makamo. Aliisoma hati yako akiwa ametulia, na alipofika mwisho alivua miwani akaifuta. Nikasema moyoni, Profesa ameshinda.

Kisha akasimama wakili wa shemeji yako, kijana wa umri wako, naye anapenda kusema. Alikuja na daftari. Unajua shemeji yako ni msimamizi wa zamu kwenye kituo cha kusukuma maji, na pale kila anayeingia na kutoka hutia saini mbele ya wenzake. Tarehe tisa Februari aliingia saa nane mchana, akatoka saa sita usiku. Watu sita wametia saini pamoja naye. Jioni hiyo hakuwa nyumbani, mdogo wangu. Mimi ninajua hakuwa nyumbani. Tarehe tisa alinifungia nje saa kumi na moja alfajiri. Vidole ni tarehe kumi na saba. Ni siku mbili, wiki nzima na siku moja kati yake, na wewe umezishona pamoja.

Wakili akaniuliza kwa adabu sana, "Mama, vidole vyako viliumia siku gani?"

Nikamwambia tarehe kumi na saba. Sikufikiri hata kidogo. Siku hiyo naijua kama ninavyoijua siku aliyozaliwa mtoto.

"Hapa umeapa kwamba ni tarehe tisa."

Hakimu akaniangalia. "Kiapo hiki ni chako?"

"Saini ni yangu, mheshimiwa."

"Na maneno?"

"Ni ya mdogo wangu. Yeye amesoma."

Waliokaa nyuma walicheka. Shemeji yako hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu anayemhurumia mkewe, na majirani wawili waliokuja kumtolea ushahidi wakamshika bega. Yeye ndiye anayefungulia mtaa wetu maji. Nani atasimama upande wangu halafu aende kuoga?

Nikasema lipo daftari nililoandika mwenyewe, siku kwa siku, kwa mkono wangu. Hakimu aliandika hilo. Akasema nilete daftari tarehe 15 Julai, na likionyesha kwamba tarehe kumi na saba niliiandika siku ileile, ataipima upya hati yote. Mama Vifungo amekwenda kituoni kuuliza, ameambiwa tarehe kumi na saba shemeji yako hakuwa zamu. Wakili wake ukurasa huo hakuufungua. Basi daftari langu na daftari lao yanasema kitu kimoja.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na yeye, kwa sababu njia ni moja. Njiani alininunulia maji.

Litume leo. Usilete maneno, leta daftari.

Dada yako


Tarehe 3 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa.

Nimeanza barua hii mara nyingi kuliko ile sentensi ya vidole. Katika ya kwanza nilitetea kwa kirefu haki ya mwandishi kupanga upya matukio pasipo kuharibu ukweli wake. Ilikuwa barua nzuri. Nimeichana.

Siku ile ya pili daftari lako nililifungulia kazini, mezani pangu. Kalamu ilikuwa mkononi. Sina namna ya kulieleza hili lisikike kama jambo la mtu mwenye akili: mkono ulianza wenyewe. Nilitia alama pembezoni. Nilikata marudio. Niliandika "wazi zaidi" na "nani aliona?" na "unganisha na la juu." Tarehe 17 Februari niliikata kwa mstari, nikaandika 9 juu yake, nikachora mshale kuelekea ukurasa wa nyuma. Ni wino mwekundu. Umepenya mpaka upande wa pili, juu ya vipimo vya suruali ya mteja wako. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimefika ukurasa wa kumi na nne.

Nililijua hilo nilipokuandikia kwamba siiamini posta. Nililijua nilipokuandikia kwamba lipo salama. Mhariri mkuu hakunikatalia ruhusa, dada. Sikumwomba.

Bado kuna njia. Nina daftari jipya la aina ileile. Mwandiko wako naujua tangu uliponifundisha herufi ukiwa umenishika mkono juu ya meza ya Mama. Ninaweza kunakili kila ukurasa, wateja na vipimo vyao, bila alama hata moja, na hakuna atakayetambua. Yatakuwa ni maneno yako matupu, yaleyale, kwa siku zilezile. Sema neno moja tu, nami nitaanza.

Mdogo wako


Tarehe 20 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe 8. Mama Vifungo aliisoma baada yangu, akaniambia, "Huyo msomi wenu, alipokukosesha talaka hakutosheka, sasa anakutafutia kifungo." Halafu akatoka akaenda kukaa kwenye kile cherehani kibovu, akawa anazungusha gurudumu lake bila uzi.

Ulipopigiwa simu kutoka dukani ukaambiwa utume daftari lilelile, ulilituma upesi. Kwa hilo asante.

Nilimpa hakimu. Aliligeuza ukurasa mmoja mmoja. Wakili wa shemeji yako aliomba alitazame, akalitazama kwa muda mfupi tu. Akauliza katika daftari hili wameandika watu wangapi. Nikasema wawili. Akauliza tarehe kumi na saba imekatwa na nani, na kwa nini, na kabla au baada ya kuapa. Nilieleza. Hakimu alinisikiliza mpaka mwisho, na naamini aliniamini. Ulikuwa uso wa mtu anayeniamini. Alisema kwamba kile anachokiamini yeye na kile kilichothibitishwa mbele yake si kitu kimoja, na kwamba hawezi kumtenga mtoto na baba kwa kutegemea kitabu ambacho hajui mkono upi umeandika nini.

Shauri limeondolewa. Niko huru kulileta tena nikiwa na ushahidi mpya.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo nikipima wateja. Ushahidi mpya. Nimejiuliza utatoka wapi, na sioni mahali pengine pa kuutoa isipokuwa mwilini mwangu. Hakimu hakukusudia hivyo. Lakini nimerudi nyumbani kuungoja.

Mtoto hajambo.

Dada yako


Tarehe 30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Nimemweleza yote, na sehemu yangu sikuificha. Hakunikemea. Aliomba nimsomee barua zako, zote, nami nikamsomea. Tulipofika ile ya mtoto kulowesha jicho la sindano, alisema wewe pia ulikuwa ukifanya hivyo.

Hii ni barua ya tatu tangu Julai. Sikulaumu kwa kutojibu. Sina hoja. Kitabu cha nyuki kimetoka, na kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi nimeacha tarehe mbili zinazopingana. Mwandishi ameniandikia kunishukuru.

Niambie nifanye nini. Nitakifanya kama kilivyosemwa.

Mdogo wako


Tarehe 6 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama nitamtembelea, na kwamba mto wake nitaushonea foronya mpya, mshono utakuwa mbaya lakini utashika.

Nilinunua daftari jingine siku ileile niliyotoka mahakamani. Hili halina wateja. Linakaa kwa Mama Vifungo, ndani ya kile cherehani kibovu, naye kila ninapoandika hutia saini yake chini na saa. Ninakunakilia ukurasa mmoja.

"28 Septemba. Saa moja jioni. Mkanda. Si mimi, ni mtoto. Alikuwa amekaa sakafuni akinitungia uzi. Baba yake alimwuliza kwa nini mama yako hatungi mwenyewe. Mtoto akasema, kwa sababu ulimbana vidole kwenye kabati. Alama nne mgongoni, moja shingoni."

Nilimpeleka zahanati asubuhi yake, mimi na Mama Vifungo, baba yake akiwa zamu. Alikuwa muuguzi yuleyule. Alipouliza mtoto amepatwa na nini, nilifungua mdomo. Mtoto akanitangulia. Alisema yote, mpaka ya kabati, mpaka kwamba lilikuwa ni la vyombo, maana naye alikuwepo mlangoni siku ile na mimi sikujua. Muuguzi aliandika kama alivyoambiwa. Kisha akaitoa kadi yangu ya Februari, akaitazama kwa muda mrefu.

Huo ndio ushahidi mpya. Nilikuwa naungojea upande wangu.

Tangu siku hiyo tunalala dukani, mimi na mtoto, chini ya meza ya kukatia. Afisa wa ustawi wa jamii ameruhusu kwa barua mpaka shauri lisikilizwe. Shemeji yako amekuja mara mbili, amesimama nje, amewasalimia wateja kwa majina yao. Mtaani maji yamekatika wiki nzima na kila mtu ananitazama mimi.

Shauri ni tarehe 22 Oktoba, saa tatu. Hati nimeiandika mwenyewe. Ni ukurasa mmoja na nusu, na neno "tena" limo mara kumi na mbili. Mama Vifungo amelihesabu, akasema liachwe.

Uliuliza ufanye nini. Njoo. Kaa benchi la nyuma, wanakokaa wanaocheka. Nitasoma mwenyewe, na nikikosea, nitakosea mwenyewe. Mtoto atahitaji mtu wa kumshika mkono wakati baba yake anasimama, na mikono yako miwili inakunjika vizuri.

Kalamu iache nyumbani.

Dada yako